Nani Ameshika Daftari?

Hotuba kwa vijana wa filamu na muziki mjini Mombasa, baada ya kuonyeshwa filamu ya maisha ya Tupac Shakur, mchanaji (rapa) wa Marekani

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote. Wazee wangu mliokaa mbele, mama zangu, na nyinyi vijana mliojaa mpaka kwenye ngazi, ahsanteni kwa kunipa kipaza sauti. Filamu mmekwisha kuiona, sitaisimulia upya. Nimesikia kule nyuma ubishi umeanza hata taa hazijawashwa: mmoja anasema kijana yule amemtoa Tupac kama pacha wake, mwenzake anasema sura kapata lakini macho hana. Ni ubishi mzuri, uendelezeni nje. Hapa ndani ningependa tubishanie jambo jingine.

Kazi yangu ni kuhariri filamu. Nakaa na vipande usiku kucha, hiki nakitoa, kile nakibakiza, na kila ninachokitoa mtazamaji hatajua kwamba kiliwahi kuwepo. Ndiyo maana nikitazama filamu ya maisha ya mtu, sianzi na sura ya mwigizaji. Nauliza vipande hivi vilitoka kwa nani. Nani alikuwa na kanda, barua, picha, madaftari ya mistari? Nani alitia saini ili vitumike? Na nani hakuulizwa kabisa? Mkijibu maswali hayo mtakuwa mmekwisha kujua filamu itasema nini kabla hamjalipa kiingilio.

Mimi naamini jambo moja, na nimekuja kulisema mbele yenu bila kuzunguka: maisha ya msanii husimuliwa na yule aliyeshika karatasi zake. Na wachanaji wetu wa Mombasa, karatasi zao hazijashikwa na mtu.

Filamu mliyoiona, All Eyez on Me, ilitoka tarehe 16 Juni 2017, siku ambayo Tupac angetimiza miaka 46. Aliyeiongoza ni Benny Boom, mtu aliyejenga jina lake kwenye video za muziki, na hilo linaonekana: kila tunapofika jukwaani kamera inachangamka, taa zinapendeza, umati unapumua. Demetrius Shipp Jr., aliyeigiza, ilikuwa ndiyo filamu yake ya kwanza, na baba yake mzazi alikuwa miongoni mwa waliotengeneza muziki wa Toss It Up, wimbo wa Tupac mwenyewe. Kabla ya Boom, kazi hii ilikuwa mikononi mwa John Singleton, ambaye alimwongoza Tupac katika Poetic Justice mwaka 1993 na alimjua kwa damu na nyama. Singleton akajitoa mwaka 2015. Mimi huwa nawaza ingekuwaje angebaki. Filamu tuliyopata inakimbia mno, kutoka kesi hadi kesi, kutoka wimbo hadi wimbo, na sehemu ya Baltimore, ambako kijana yule alisoma shule ya sanaa, akaigiza na kucheza densi, imepitiwa kama kituo ambacho matatu haisimami. Pale ndipo ningekaa. Mtu aliyekuja kuogopwa na nusu ya Marekani alikuwa kijana wa jukwaa la tamthilia, na ukiliacha hilo humwelewi.

Lakini mama! Mama yake ndiye filamu. Danai Gurira, mwigizaji mwenye asili ya Zimbabwe, amemchukua Afeni Shakur akambeba kwa heshima kubwa, na nimewaona mama zangu wawili watatu hapa mbele wakijifuta machozi. Wana haki. Afeni alikamatwa mwaka 1969 pamoja na wenzake wa Black Panther, chama cha kupigania haki za Weusi, mjini New York, wakashtakiwa njama ya kulipua majengo. Alikwenda mahakamani bila wakili, akajitetea mwenyewe, na sehemu ya kesi ile aliipitia akiwa mja mzito. Mwezi Mei mwaka 1971 yeye na wenzake wakaachiliwa kwa mashtaka yote. Mwezi mmoja baadaye akajifungua mtoto wa kiume, ambaye alikuja kuitwa Tupac Amaru, jina la kiongozi wa Wainka aliyepigana na Wahispania.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu filamu inafika Las Vegas, Septemba 1996, inaishia hapo, na kazi ya Afeni iliyokuja baadaye haimo. Mwanawe alipigwa risasi tarehe 7, akafariki tarehe 13, umri miaka 25. Mama yule aliyekuwa na msiba wa namna hiyo akaenda kuzidai rekodi za mwanawe ambazo zilikuwa bado hazijatoka, akagombana na kampuni, akafungua yake mwenyewe, Amaru Entertainment, na kupitia kampuni hiyo dunia ikasikia albamu kadhaa za mtu aliyekwisha kuzikwa. Mashairi aliyoandika kijana huyo kabla hajajulikana yakachapishwa kitabu. Nyimbo zile mnazoziimba kwenye matatu za Likoni, mkidhani ni za siku za uhai wake, nyingine zilitoka miaka mingi baada ya kifo chake kwa sababu kulikuwa na mama aliyejua kanda ina thamani gani. Afeni alifariki Mei 2016, filamu ilipoingia kumbini hakuwepo.

Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Afeni alikuwa na daftari.

Niwape upande wa pili, maana kushika karatasi si lazima kuwe heri tupu. Siku ileile filamu ilipotoka, Jada Pinkett Smith, rafiki wa Tupac tangu shule ya Baltimore, alijitokeza hadharani akasema ameumizwa sana na jinsi urafiki wao ulivyosimuliwa. Hakusema filamu ni mbaya, hata waigizaji aliwasifu. Alitaja mambo kwa jina lake: lile shairi ambalo Tupac anamsomea kwenye filamu hakuwahi kumsomea, hata hakujua lipo mpaka lilipochapishwa kitabuni. Kule kuagana kabla ya safari ya Los Angeles hakukuwa vile. Ule ugomvi nyuma ya jukwaa haukutokea. Sisi wahariri tunajua kwa nini vitu hivi huzushwa. Maisha hayana vilele mahali mwandishi anapovitaka, basi huchukua shairi la kweli na urafiki wa kweli, akavigonganisha ili pazia lipate machozi. Shairi lipo, rafiki yupo, kukutanishwa kwao ndiko kulikobuniwa. Na aliyebuniwa yuko hai, anatazama.

Na kuna mwingine ambaye sitamtaja jina, nanyi msilitafute. Mwishoni mwa mwaka 1994 Tupac alitiwa hatiani mjini New York kwa kosa la kumdhalilisha mwanamke kingono, akafungwa mwaka 1995, akatoka kwa dhamana mwezi Oktoba huku rufaa ikisubiriwa. Yeye mwenyewe alikana hadi mwisho. Filamu imelichukua tukio lile ikalisimulia kwa upande wake: tunamwona amelala, hana habari, mambo yanafanywa na wengine. Kumbukeni pia filamu imepangwa vipi. Nusu yake nzima ni Tupac ameketi gerezani akihojiwa na mwandishi, anajieleza. Yeye ndiye anayepewa kiti, yeye ndiye anayepewa maji ya kunywa na muda wa kufikiri. Yule mwanamke hana kiti. Baraza la mahakama lilimsikiliza, filamu haikumsikiliza. Nampenda Tupac tangu ujana wangu na nasema hivi nikiwa nampenda: pale filamu ilifanya dhuluma, na tukipiga makofi bila kuiona dhuluma hiyo tutaifanya wenyewe siku tutakaposhika kamera.

Si filamu hii peke yake. Miaka miwili kabla, 2015, ilitoka Straight Outta Compton, ya kundi la wachanaji la N.W.A, na kwa ufundi mimi naiweka juu zaidi. Iliingiza zaidi ya dola milioni 200 duniani, ikapendekezwa kwa tuzo ya Oscar upande wa uandishi, na Ice Cube, mmoja wa kundi hilo, aliigizwa na mwanawe wa kumzaa. Watayarishaji walikuwemo Ice Cube mwenyewe na mwenzake wa kundi, Dr. Dre mwenyewe, yaani wasimuliwa walikuwa wasimuliaji. Basi ikakosekana humo habari ya Dee Barnes, mtangazaji wa muziki huohuo ambaye Dr. Dre alimpiga mwaka 1991 kwenye sherehe, kesi ikafika mahakamani. Dee Barnes aliandika mwenyewe baada ya filamu kutoka, akaeleza jinsi alivyofutwa, na hazikupita siku nyingi Dre akaomba radhi hadharani kwa wanawake aliowaumiza. Yaani kilichokatwa kikarudi kwa mlango mwingine, tena kwa sauti kubwa. Ile ya mchanaji Notorious B.I.G. ya mwaka 2009 mama yake, Voletta Wallace, alikuwa mmoja wa watayarishaji, na mchanaji Lil' Kim akalalamika wazi kwamba ameonyeshwa asivyo. Mnaona mkondo ni uleule: aliyekaa mezani amesimuliwa kwa upole, aliyekuwa nje ya mlango amesimuliwa kwa haraka au hakusimuliwa.

Nilipendezwa zaidi na kazi ya Allen Hughes ya mwaka 2023, filamu ya kumbukumbu yenye sehemu tano juu ya Tupac na mama yake. Hughes ni nani? Mwongozaji ambaye Tupac na wenzake walimshambulia mwaka 1993, Tupac akafungwa siku 15 kwa ajili hiyo. Mtu aliyepigwa ndiye aliyekuja kumsimulia aliyempiga, na kile kipigo akakiweka ndani, mbele ya macho ya watu, kisha akaendelea kumtafuta kijana yule na mama yake kwa huruma isiyo ya kuigiza. Mwenye shida ya kujua ukweli na mapenzi vinakaaje nyumba moja, aitazame hiyo.

Wazee hapa mbele wanatikisa vichwa, naona, wanasema haya ya Marekani yanatuhusu nini. Yanatuhusu. Na wala si mambo mageni kwenye pwani hii.

Fumo Liyongo mnamjua tangu mkiwa wadogo. Shujaa, malenga, mfungwa aliyeimba ili ujumbe umfikie mama yake, mama akamtia tupa ndani ya mkate wa wishwa. Sisi tumeimba utenzi wake miaka mingi na hatukuficha alivyokufa: mwanawe alihongwa, akatafuta siri ya kitovu, akamchoma baba yake. Hakuna aliyesema tukate hapo, familia itaaibika. Mficha uchi hazai, na utenzi ule ungeficha usingefika kwetu.

Halafu chukueni Muyaka bin Haji, malenga wa mji huu huu. Huyu alikuwa mtu wa mtaani hasa. Mji ulipogombana na Lamu na baadaye na Seyyid Said, yeye alikuwa upande wa Mvita, yaani Mombasa, na Wamazrui walioutawala, anawatupia mashairi ng'ambo, wanamjibu, anawarudi. Aliimba vita, akaimba njaa, akaimba nyumba na mke na deni na rafiki msaliti. Vijana mnaofanya mashindano ya kuchana, mnafanya kazi yake. Alifariki karibu mwaka 1840. Na ni kwa bahati gani tunamjua? Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, Mungu amrehemu, alikwenda kwa watu waliokuwa bado wanayakumbuka yale mashairi, akayaandika, na pembeni akaeleza hili lilitungwa kwa tukio gani na kumhusu nani. Alifanya hayo miongo kadhaa baada ya Muyaka kuingia kaburini, na mwenyewe akafariki mwaka 1890. Diwani haikuchapishwa mpaka 1940. Bila ya Mwalimu Sikujua, Muyaka leo angekuwa jina linalotajwa na wazee wawili barazani, kisha basi.

Karatasi za kazi ile, zile alizozikusanya Mzungu W. E. Taylor akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, ziko London, kwenye maktaba ya chuo cha SOAS. Zimetunzwa, nashukuru. Lakini kijana wa Kibokoni anayetaka kuzishika inabidi aombe viza.

Sasa tuje kwetu, miaka hii. Kundi la Kalamashaka walipotoka na wimbo wa Tafsiri Hii miaka ya 1990 inakwisha, tulisikia Kiswahili kikichanwa na kikauma. Hapa Mombasa ukazaliwa Ukoo Flani, ukaja kuungana na Mau Mau Camp ya Dandora, Nairobi, na kwa miaka ile hapakuwa na kundi Kenya nzima lililosema maneno mazito kuliko wao. Polisi, njaa, ardhi, mateso ya kijana asiye na kitambulisho. Kina Sharama, kina Cannibal, na wengi ambao nikianza kuwataja nitamwacha mmoja na nitaulizwa nikitoka. Baada yao wamekuja wengine, Kaa La Moto Kiumbe anachana Kiswahili cha pwani ambacho hata walimu wa fasihi wanakisimamia. Haya ni maisha yanayotosha filamu kumi. Swali langu ni la mhariri: vipande viko wapi?

Nitawaambia viko wapi. Studio nyingi za miaka ile zilikuwa chumba kimoja cha kupanga, godoro limewambwa ukutani kuzuia mwangwi, kompyuta moja. Chumba kikirudishwa kwa mwenye nyumba, kompyuta inauzwa na diski yake kuu ndani. Zile nyimbo kabla hazijachanganywa, sauti peke yake, biti peke yake, vicheko vya katikati, makosa, vyote vinakwenda na mnunuzi ambaye anafuta ili apate nafasi. Kinachobaki ni wimbo uliobanwa, ulioshushwa kwenye simu, ukapitishwa simu hadi simu mpaka besi imekufa. Kanda za vipindi vya redio zilirekodiwa juu yake vipindi vingine. Video zilikuwa kwenye kaseti ndogo za kamera, na kaseti haipendi hewa yetu ya chumvi. Ukungu mweupe unaingia kwenye utepe, na ukiupitisha mashineni bila kuusafisha umeumaliza.

Leo nimekuja na kitu kimoja, nitakiinua wote mkione. Ni daftari, jalada gumu jekundu, mgongo mweusi, aina ile inayouzwa na kila duka la vitabu. Lilikuwa la mchanaji wa Kisauni ambaye hayupo tena, na familia yake imeniruhusu nilionyeshe bila kumtaja. Kurasa za mwanzo zimeshikana kwa maji, nilizitenganisha kwa kisu cha karatasi, moja moja. Nisogeeni. Upande wa kushoto ni mistari, upande wa kulia ni hesabu: nauli, vocha, unga, na chini kabisa pesa ya studio, imewekwa duara, imelipwa nusu. Ukurasa huu hapa unahusu kivuko cha Likoni, saa ya jioni, watu wamebanwa mbavu kwa mbavu. Tazameni neno la mwisho la mstari wa tatu. Amelikata. Akaandika jingine juu, nalo akalikata. Kisha pembeni ameshusha orodha ya maneno yanayolingana kina, kama kumi hivi, na moja amelipigia mstari chini, lakini katika wimbo uliotoka hakulitumia hata hilo, alitumia jingine ambalo halimo ukurasani. Kwa hiyo tunajua lilimjia baadaye, njiani, au mbele ya kipaza sauti. Wimbo huo mimi nilikuwa nikiusikia nikidhani umemtoka kwa pumzi moja.

Hakuna mwandishi wa filamu anayeweza kubuni kitu kama hiki. Na hakuna haja ya kumbandikia ugomvi wa uongo nyuma ya jukwaa ukiwa na ukurasa huu. Duara lile la pesa ya studio, limelipwa nusu, ni tukio zima. Unga umenunuliwa kabla au baada? Tarehe ipo, unaweza kujua.

Nyuma ya daftari kuna kipande cha karatasi kimekunjwa mara nne. Ni mapatano na mtu mmoja aliyekuwa akiandaa shoo, hatumtaji. Maneno matano sita yameandikwa kwa mkono kwamba haki zote za nyimbo ni za mlipaji. Saini ya kijana ipo, ya mlipaji haipo, nakala hakuachiwa nyingine. Hapa inabidi niseme kidogo juu ya sheria, mnivumilie, ni muhimu kuliko kamera mnazotamani.

Wimbo una milki mbili. Kuna utunzi, yaani maneno na sauti yake, na kuna rekodi, ile iliyotengenezwa studio. Ukitaka kuutia wimbo kwenye filamu unahitaji ruhusa ya mwenye utunzi na ruhusa ya mwenye rekodi, na mara nyingi si mtu mmoja. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2001 inaulinda utunzi kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, na rekodi miaka 50 tangu ilipotengenezwa. Maana yake, mchanaji aliyefariki juzi, watoto wake bado wana haki, na wajukuu huenda wakazikuta. Hata kama hawajui. Msisubiri mtu wa Nairobi au wa Ulaya aje na mkataba wa kurasa 30 ndipo muanze kuuliza nani alikuwa mwenye biti.

Mtu akidhani hili ni jambo dogo, atazame filamu ya Jimi Hendrix ya mwaka 2013. Aliyeigiza ni André Benjamin, mchanaji wa OutKast, na aliigiza vizuri mno. Wasimamizi wa mirathi ya Hendrix hawakutoa ruhusa ya nyimbo, basi filamu ikatoka bila wimbo hata mmoja alioutunga Hendrix. Filamu ya mpiga gitaa aliyebadilisha gitaa, na nyimbo zake hazimo. Ndivyo karatasi inavyofanya kazi.

Kwa hiyo naomba nini kwenu? Kwanza wachanaji wenyewe, mlio hai, mlioketi hapa. Madaftari msiyachome mkioa, msiyatupe mkihama. Andikeni tarehe. Andikeni nani alikuwa studio siku ile, nani alipiga kinanda, nani aliimba kiitikio akalipwa chipsi. Wanawake walioimba viitikio vya nyimbo za hapa ni wengi kuliko majina yaliyoandikwa kwenye majalada, na wengi wako hai, wana maduka Kongowea na Majengo, hakuna aliyewahi kuwaendea na kipaza sauti. Kama mtatengeneza filamu ya kundi lolote la mji huu bila kuwahoji wao mtakuwa mmerudia kosa la Compton, tena bila ya dola milioni 200.

Pili, wale wa filamu. Mnataka kuanza na mwigizaji anayefanana. Anzeni na mama. Mkamhoji mama, dada, mke, aliyeachwa, jirani, kinyozi, dereva aliyekuwa akipiga kanda yao ya kwanza. Mwekeni kila mmoja asimulie lile tukio moja kivyake, na mkikuta hawakubaliani msichague upande kwa sababu mmoja ni maarufu. Yakiwamo mambo ya aibu, ulizeni waliodhulumiwa wanataka yasimuliwe vipi, au wanataka yasisimuliwe; hilo ni lao kuamua, si la mashabiki. Na mkibuni, kwa sababu filamu ya kuigiza haiwezi kwenda bila kubuni, bunini vitu visivyomsingizia mtu aliye hai.

Tatu, wazee wangu. Tunazo taasisi hapa. Makumbusho ya Fort Jesus yapo, na RISSEA, taasisi ya utafiti wa Waswahili iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa, ipo mji huu huu. Kwa miaka mingi zimehifadhi tenzi, barua na hati kwa maandishi ya Kiarabu. Mimi naomba hadharani, na nitaandika barua rasmi, kwamba mistari ya wachanaji iingie rafu moja na tenzi hizo. Wako watakaokunja uso wakisema huu ni muziki wa wahuni. Muyaka naye alitunga juu ya deni na mapenzi na matusi ya vita, na leo tunamsomesha chuo kikuu.

Baada ya sala na chakula tutaanza kazi. Pale karibu na mlango kuna meza mbili. Meza ya kwanza tunapiga picha madaftari na karatasi, mwenyewe anakaa na mali yake, anaondoka nayo, sisi tunabaki na nakala ambayo haitatumika bila saini yake. Meza ya pili ni ya kanda na diski za kompyuta. Kaseti zenye ukungu msizipitishe kwenye mashine nyumbani, zileteni kama zilivyo. Yuko pia wakili aliyejitolea, atasoma mkataba wowote mlio nao bila malipo mpaka saa kumi jioni. Walioimba viitikio, mtaingia kabla ya wengine.